Kuifikia seva ya Njoro ukiwa Nakuru au Molo

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa karibu na Njoro. Ofisini tuna kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi ambayo kijana wetu aliiwekea programu ya rekodi: kilo za kila mwanachama asubuhi na jioni, makato, na malipo ya mwisho wa mwezi. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi unaandika 192.168.1.50:8080 kwenye kivinjari na kila kitu kinafunguka. Sasa tunataka karani wetu wa Molo aingize kilo akiwa huko huko, mwenyekiti aangalie hesabu akiwa Nakuru mjini, na wanachama waone kilo zao kwa simu. Kijana alifungua poti kwenye ruta, lakini ukijaribu ukiwa nje hakuna kinachofunguka. Fundi mwingine ametuambia tutafute proksi ya kinyume. Ni kitu gani hicho, na je, rekodi zetu zitakuwa salama?"

Nzuri sana, dada. Naanza na lililomshinda kijana wenu, maana naamini hakukosea.

Ingia kwenye ruta ya ofisi utafute anwani ya upande wa nje, ile iliyoandikwa WAN. Halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako, yaani anwani yako ya intaneti, na ulinganishe. Namba hizo mbili zikitofautiana, mko nyuma ya ruta nyingine kubwa ya mtoa huduma wenu, na poti aliyoifungua kijana (poti ni mlango wenye namba wa kuingilia mashine) ni ya mlango wa ndani tu. Mara nyingi utakuta namba ya WAN inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127. Anwani za IPv4, zile namba za intaneti za mtindo wa zamani, ni takriban bilioni 4.3, haziongezeki. Mafungu ya mwisho yaligawiwa kanda za dunia Februari 2011, na mwaka uliofuata zikatengwa hizo namba za 100.64 mahsusi kwa watoa huduma wanaoweka wateja wengi nyuma ya anwani moja.

Kama ulisoma shule ya bweni hili utalielewa upesi. Shule nzima ina S.L.P. moja. Barua iliyoandikwa S.L.P. tu, bila jina, inalala ofisini kwa sababu hakuna ajuaye ni ya nani. Lakini wewe ukianza kumwandikia mtu ukataja jina lako na kidato chako, jibu litakufikia hadi bwenini. Ruta ya mtoa huduma inafanya vivyo hivyo: inamkumbuka aliyeanza kuongea, inampelekea majibu yake, na anayebisha kutoka nje bila kuitwa hana pa kupelekwa. Kwa hiyo mazungumzo lazima yaanzie Njoro. Jibu langu lote limesimama juu ya jambo hilo moja.

Tena nakuambia kwa dhati, hata kama poti ingefunguka ningewaomba muifunge leo leo. Tangu 2013 kuna programu ya utafiti, ZMap, ambayo kwa kompyuta moja yenye intaneti ya gigabiti inaweza kubisha hodi kwenye anwani zote za IPv4 duniani, poti moja, kwa chini ya dakika 45. Hakuna anayehitaji kujua kwamba Njoro kuna kikundi cha maziwa ndipo abishe mlango wenu. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja hapa Kisumu waliofungua poti ya kamera zao siku ya Ijumaa. Jumatatu tulipofungua kumbukumbu za mashine tulikuta majaribio ya nywila yamejaa kurasa kwa kurasa, kutoka nchi ambazo hakuna hata mmoja pale aliyewahi kufika. Programu yenu ameiandika kijana mmoja kwa matumizi ya ndani. Si haki kuisimamisha peke yake mbele ya umati kama huo.

Sasa hiyo proksi ya kinyume. Proksi ya kawaida huwasimamia wanaotoka: wafanyakazi wa ofisi wanaomba tovuti, yeye anawaletea. Ya kinyume huisimamia seva: wageni wanakuja kwake, anawapokea, anaangalia wanataka nini, anaichukua kwenye seva iliyojificha nyuma na kuwarudishia. Mgeni haioni seva yenyewe wala hajui iko wapi. Wewe unaijua picha hii kuliko mimi, kwa sababu lori la maziwa haliingii kwenye boma la kila mfugaji. Maziwa yanaletwa barabarani, kwenye kituo, na lori linaishia hapo. Proksi ndiyo kituo. Raspberry yenu ndiyo boma. Kinachobaki ni njia ya kutoka bomani hadi kituoni, na hiyo tutaiita handaki.

Kituo lazima kiwe mahali penye anwani ya umma. Kodini seva ndogo kwenye kampuni ya seva. RAM ya GB 1 inatosha kabisa kwa kazi yenu. Iliko ni jambo la maana kuliko watu wanavyodhani. Nuru ndani ya kebo ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Nairobi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni milisekunde sitini na kitu kabla hujahesabu kona, na kebo zetu zina kona nyingi, zinapita baharini kutoka Mombasa. Karani wa Molo akibonyeza kitufe, ombi linakwenda Ulaya, linarudi Njoro, jibu linakwenda Ulaya tena, linarudi Molo. Safari mbili za bahari kwa kilo moja ya maziwa! Ukipata seva iliyoko Nairobi, chukua hiyo, hata ikizidi bei kidogo.

Mtahitaji pia jina la kikoa. Majina ya .ke yanasimamiwa na KeNIC na yanauzwa na mawakala wake. Chagueni la .co.ke au .or.ke, kisha muelekeze jina kama maziwa.jinalenu.co.ke kwenye IP ya seva mliyokodi.

Kwa handaki napendekeza programu ya WireGuard. Imo ndani ya kerneli, yaani kiini, ya mfumo wa Linux unaoendesha Raspberry yenu, tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, na faili yake ya mipangilio ni fupi kiasi kwamba wewe mwenyewe unaweza kuisoma na kuuliza maswali. Kila mashine inajitengenezea jozi ya funguo. Ule wa siri hautoki kwenye mashine iliyouzaa, hautumwi kwa WhatsApp, haupigwi picha. Ule wa wazi ndio mnaobadilishana. Upande wa Njoro faili itafanana na hii:

[Interface]
PrivateKey = ufunguo wa siri wa Njoro
Address = 10.8.0.2/24

[Peer]
PublicKey = ufunguo wa wazi wa seva ya kukodi
Endpoint = IP ya seva ya kukodi:51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25

Seva ya kukodi itakuwa 10.8.0.1, nayo haiandikiwi Endpoint, yaani anwani ya kufikia upande wa pili, ya Njoro. Haina haja ya kujua Njoro iko wapi, kwa sababu Njoro ndiyo itakayokuja kwake. Mistari miwili ya mwisho hapo juu ndiyo inayowasumbua watu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Ile 25 ni sekunde. WireGuard ikikosa la kusema hunyamaza kabisa, na ruta ya mtoa huduma ikiona kimya inasahau kwamba Njoro iliwahi kuongea. Hapo mgeni akija, seva ya kukodi inapiga kelele kwenye njia iliyofutwa. Kwa mstari huo Njoro inatuma pakiti ndogo ya data kila sekunde 25 kusema bado nipo. Ukiusahau, utaona mfumo unafanya kazi vizuri wakati ofisi ina shughuli, halafu saa nane mchana watu wakienda kula unakatika, na fundi akija kuukagua unarudi wenyewe.

Mstari wa AllowedIPs unasema ni anwani zipi zipite handakini. Watu wengi hunakili mfano wa 0.0.0.0/0, maana yake kila kitu. Nimeona madhara yake kwa macho yangu upande wa Bungoma, kwenye kituo kimoja kilichokuwa na Raspberry kama yenu. Stima ilipotea usiku, ikarudi alfajiri, na handaki halikuinuka tena. Hakuna aliyegusa kitu. Tulihangaika asubuhi nzima. Kumbe Raspberry nyingi hazina saa ya betri: zikizimwa na kuwashwa huamka zikidhani ni wakati uliopita, mpaka ziulize saa kwenye intaneti. Na WireGuard, ili mtu asirudie salamu ya zamani aliyoinasa, hukataa salamu yenye wakati wa nyuma kuliko ile ya mwisho iliyopokelewa. Mashine yetu ilikuwa inasalimia kwa saa iliyochelewa, inakataliwa. Ingeweza kuuliza saa sahihi, lakini tulikuwa tumeiambia ipitishe kila kitu handakini, na handaki limefungwa kwa sababu ya saa. Tulipobadilisha mstari huo ukabaki na anwani za handaki peke yake, Raspberry iliuliza saa kwa njia ya kawaida na ndani ya dakika chache handaki likawa wazi. Kwa hiyo andikeni 10.8.0.0/24, si zaidi.

Kwa sababu hiyo hiyo ya stima, kwenye Endpoint wekeni namba ya IP badala ya jina. Jina hutafutwa mara moja tu handaki linapoinuka, na kama ruta bado inaamka, jina halitapatikana na handaki litabaki chini. Na kijana asisahau amri ya systemctl enable wg-quick@wg0 (wg0 ndilo jina la handaki), ili handaki liinuke lenyewe mashine ikiwaka. Betri ya akiba ya kuishikilia ruta na Raspberry kwa saa moja mbili ni pesa iliyotumika vizuri.

Tukija kwenye proksi yenyewe, kuna programu mbili: Nginx na Caddy. Nginx nimeitumia miaka mingi na ninaiheshimu, lakini kwenu nachagua Caddy, kwa kuwa inaomba yenyewe cheti cha HTTPS, yaani cha kufunga mawasiliano ya tovuti yasisomwe njiani, na kukihuisha yenyewe. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vina muda mfupi, kwa kawaida siku 90, na sitaki kikundi cha wafugaji kiamke siku moja wanachama wote wanaonyeshwa onyo jekundu kwa sababu fundi alisafiri. Faili nzima ni hii:

maziwa.jinalenu.co.ke {
    @ofisi path /karani /karani/*
    respond @ofisi 403
    reverse_proxy 10.8.0.2:8080
}

Hapo nimedhani kurasa za kuingiza kilo na kulipa ziko chini ya /karani. Kijana abadilishe kulingana na programu yake. Maana yake ni kwamba mwanachama anayekuja kwa mlango wa mbele ataona kilo zake, lakini kurasa za kubadilisha hesabu zimekataliwa kwa yeyote, hata mwenye nywila. Karani wa Molo na mwenyekiti, wao wasipite mlango wa mbele. Wawekeeni programu ya WireGuard kwenye simu au laptopu, kila mmoja na ufunguo wake, 10.8.0.3 na 10.8.0.4, kisha wafungue 10.8.0.2:8080 moja kwa moja kana kwamba wamekaa ofisini. Kwenye seva ya kukodi mtaruhusu pakiti zipitishwe kati yao, mpangilio wa net.ipv4.ip_forward uwe 1. Simu ikiibwa stendi, mnafuta ufunguo mmoja tu na maisha yanaendelea.

Kama wanachama wasingehitaji kuona chochote, ningekushauri mwishie kwenye handaki, msiweke mlango wa mbele kabisa. Mlango usiokuwepo hauvunjwi. Lakini mfugaji kuona kilo zake jioni ile ile zilipopimwa ni jambo jema mno, linaondoa manung'uniko ya mwisho wa mwezi, na kwa hilo proksi inastahili taabu yake.

Kwenye faiwoli ya seva ya kukodi, yaani ukuta unaochuja wanaoingia, fungueni poti 80 na 443 za wageni, 51820 ya UDP kwa handaki, na ile ya SSH, njia ya kuiamuru seva ukiwa mbali, mnayoingilia kufanya kazi, tena kwa ufunguo pekee, kuingia kwa nywila kuzimwe. Nyingine zote zifungwe. Kwenye ruta ya Njoro ondoeni ile poti ya kijana. Haihitajiki tena.

Mkishamaliza huenda mkakutana na ukurasa wenye namba 502. Msiogope. Namba hiyo inasema proksi iko hai lakini imebisha bomani na haikujibiwa. Kwenye seva ya kukodi andikeni wg show muangalie mstari wa latest handshake: kama ni wa dakika mbili zilizopita, handaki ni zima, na kama hakuna mstari huo kabisa, rudini kwenye funguo, maana mara nyingi mtu amebandika wa siri mahali pa wa wazi. Handaki likiwa zima, jaribuni amri ya kufungua ukurasa bila kivinjari, curl http://10.8.0.2:8080. Ikikataa, sababu ninayoikuta mara nyingi ni programu kusikiliza 127.0.0.1, yaani inaongea na mashine yake tu. Kwa kuwa yenu inafunguka kwenye Wi-Fi ya ofisi, hilo limeshapita, basi angalieni faiwoli ya Raspberry kama inaruhusu wanaokuja kupitia wg0.

Kuna jambo jingine dogo ambalo litawakera msipolijua. Programu itaona wageni wote wa mlango wa mbele wanatoka 10.8.0.1, kwa sababu kwake anayebisha ni proksi. Ikiwa kijana ameweka kanuni ya kumfungia anayekosea nywila mara tano, mwanachama mmoja mwenye vidole vizito atawafungia wanachama wote. Caddy hutuma anwani halisi ya mgeni kwenye heda (maelezo yanayotangulia ombi) ya X-Forwarded-For, kwa hiyo programu isome hapo, lakini iiamini tu inapoletwa na 10.8.0.1. Mkitumia Nginx, heda hiyo na ya Host mtaziandika wenyewe. Tena Nginx hukataa faili inayozidi MB 1 mpaka uiambie vinginevyo, na hapo ndipo picha ya risiti kutoka kwa simu inapogoma na namba 413.

Uliuliza kama rekodi zitakuwa salama. Njiani, ndiyo: kutoka simu ya mwanachama hadi seva ya kukodi zimefungwa kwa HTTPS, na kutoka hapo hadi Njoro zimefungwa na WireGuard. Lakini katikati, ndani ya seva ya kukodi, proksi inafungua bahasha ili iisome na kuifunga upya. Anayeshika seva hiyo anaweza kusoma. Ni hivyo hivyo hata mkitumia huduma iliyokwisha tengenezwa kama Cloudflare Tunnel, ambayo nayo inafuata wazo lile lile la Njoro kutoka yenyewe, na ambayo siipingi kwa kikundi kisicho na fundi wa karibu. Mnachofanya ni kuchagua nani awe hapo katikati. Rekodi zenu zina majina, namba za vitambulisho na namba za simu za malipo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawadai ninyi, hata mkiwa na fundi na kampuni ya seva, mjue ziko wapi na nani anazigusa. Ukurasa wa wanachama usionyeshe namba ya kitambulisho hata kidogo. Kilo, bei, makato, basi. Na nakala rudufu ya kila usiku iende kwenye diski nyingine. Handaki halirudishi kilo zilizopotea kwenye kadi ya kumbukumbu ya Raspberry iliyoungua.

Mkijaribu, simu izimwe Wi-Fi, itumie data. Ukijaribu ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi unaweza kudanganyika kwamba kila kitu ni sawa kumbe hukutoka nje ya boma. Anzeni na kilo za mwezi uliopita, mwenyekiti na karani peke yao kwa wiki moja, ndipo muwape wanachama jina la tovuti.

Na siku Njoro ikikosa stima, msiwaache wazee wa watu wanaangalia 502 wakidhani pesa zao zimepotea. Ongezeni hii ndani ya ile faili ya Caddy, kabla ya mabano ya mwisho:

    handle_errors {
        respond "Ofisi ya Njoro haina mtandao kwa sasa. Kilo zako zimehifadhiwa. Tafadhali jaribu tena jioni."
    }

Proksi iko Nairobi na stima yake ni nyingine, kwa hiyo ujumbe huo utawafikia hata ofisi ikiwa gizani. Kijana akikwama, anitumie alichoonyeshwa na wg show katika pande zote mbili. Amri hiyo yenyewe huficha funguo za siri, ila faili za mipangilio asizitume kwa mtu yeyote, hata kwangu.